Nilivyoshinda Besiboli Nansha Bila Kuupiga Mpira

Tangu nirudi hamjaacha kuniuliza: Mfaume, ni kweli ulikwenda China kununua kapelo ukaishia kucheza mpira na Wajapani? Nikianza kusimulia kijiweni, mmoja anaita kahawa, mwingine ananiambia naongopa, wa tatu anauliza bei ya dola, na hadithi inafia njiani. Basi nimeandika. Elimu yangu mnaijua, darasa la saba na mlango ukafungwa. Lakini mkono huu ulianza kuuza kofia juu ya mti wa ufagio, kofia sita tu, na leo umesimamisha ghorofa ambalo ninyi mnaliegemea mkinisengenya. Mkono wa namna hiyo haushindwi na kalamu.

Dar hadi Adisi

Mambo ya tiketi na viza nayaruka, hayana ladha. Naanzia Adisi, ambako walituambia tusubiri kidogo. Kidogo ya uwanja wa ndege ni kubwa. Tulikaa mpaka viti vikatujua. Walituletea ile chapati yao chachu yenye matundu, nikaila yote, maana mimi si mtu wa kuchagua chakula cha bure.

Jirani yangu alikuwa mama mmoja wa Unguja, mfanyabiashara wa kanga, mtu mzima wa makamo ya mama yangu. Alinipa halua, akaniuliza nachukua mzigo gani. Nikamweleza bila kujificha kwamba kapelo zote anazoziona kwenye vichwa vya vijana kuanzia Dar hadi Mwanza zimepita mikononi mwangu, na asiyeamini aulize Kariakoo.

Yule mama alinivua kapelo kichwani, akaigeuzageuza. Mbele ilikuwa na zile herufi mbili zilizokumbatiana, mnazijua.

"Hii imeandikwa nini, mwanangu?"

"Mapambo tu, mama."

"Mapambo? Mimi kanga siinunui mpaka niisome. Nisije nikamuuzia mtu tusi akampelekee mkwewe."

Alinirudishia kofia, akaendelea na halua yake. Kusema kweli neno hilo lilinichoma. Miaka yote hiyo nauza herufi vichwani mwa watu na sijui zinasema nini. Nilipanda ndege nikiwa na jambo hilo, na hata usingizi haukuwa mzuri.

Huanshi Zhonglu

Kasongo alikuwa ananisubiri Guangzhou. Kwa msiomjua, Kasongo ni Mkongo wa Lubumbashi, ana mwili wa kabati, Mkristo wa kwaya, amekaa Xiaobei, mtaa wa Waafrika, miaka mingi na anajua Kichina cha sokoni. Bila yeye nafika, lakini kwa taabu. Tukiingia barabara ya Huanshi Zhonglu anasalimiwa kila hatua, na Wamali, na Wachina, na Waarabu, kama diwani.

Nilimuuliza zile herufi. Kasongo alizitazama, akasema ni timu ya Amerika, ya muchezo wa kupiga mpira na fimbo, na kwamba yeye alishauona kwenye televisheni ya hoteli. "Mutu mumoja anatupa, mutu mumoja anakosa, bote banatema mate. Alors, patron, ile si muchezo. Ile ni mangojeo."

Nikaridhika. Kumbe sikuwa nimefika popote.

Shahe

Kesho yake tukaenda Shahe. Msiojua Shahe, chukueni Kariakoo ya sikukuu, ipangeni juu kwa juu, kisha wapeni wapagazi ruhusa ya kuwagonga kwa mikokoteni. Mama Huang, yule tajiri wa kapelo ninayenunua kwake, alikuwa na mteja: mzee wa Kizungu, mrefu, mwembamba, magoti yanalia akisogea. Alikuwa anamwonyesha karatasi yenye mchoro na kumbembeleza. Mama Huang anatikisa kichwa: mei you, mei you, yaani hakuna. Sisi tumesimama nyuma na mzigo wetu haujaanza hata kuhesabiwa.

Nikamwambia Kasongo, kwa sauti yangu hii mnayoijua, kwamba huyu babu anatuchelewesha na inaonekana hana hela ya hata dazeni moja.

Kasongo akanishika kiwiko. "Patron, tunyamaze. Uyu papa ameshageuza sikio."

Mzee akageuka kweli. "Samahani, bwana. Ni kweli dazeni sina. Ninataka kofia tisa tu."

Kiswahili cha kitabuni, kimenyooka kuliko changu. Jamani, nilitamani maghorofa yote ya Shahe yaniangukie. Nikaweka mkono kifuani, nikatoa shikamoo ambayo sijawahi kumpa hata mkwe wangu. "Marahaba, mwanangu," akajibu, na akacheka. Aliitwa Mwalimu Harold. Ujanani alifundisha hesabu Songea, na sasa alikuwa anafundisha chuo kimoja hapo Guangzhou.

Kofia tisa zilikuwa za timu yake ya besiboli. Mama Huang hakubali kusimamisha cherehani kwa kofia tisa. Mimi nikaona nafasi ya kusafisha uso. Nikamwambia Kasongo amwambie Mama Huang zile tisa aziongeze kwenye mzigo wangu, na za kijani, rangi nzuri, rangi ya heri. Mama Huang akaangua kicheko mpaka akashika meza. Wasichana wa duka wakaziba midomo.

Mwalimu akanieleza taratibu kwamba kwa Wachina mwanamume anayevishwa kofia ya kijani ni yule ambaye mkewe ana mtu pembeni. Nikafikiria marobota ya kijani niliyokuwa nikiyabeba hapo kila mwaka, na jinsi Mama Huang alivyokuwa akinisindikiza hadi mlangoni kwa tabasamu. Tukachukua nyekundu.

Visahani vya chai

Mwalimu alisisitiza kutulisha. Tulikwenda kwa wale Waislamu wa kaskazini wenye mgahawa karibu na Huanshi, wanaovuta tambi kwa mikono kama mtu anasokota kamba. Mishikaki ya kondoo ile, yenye bizari, siisahau. Hapo ndipo nilipomuuliza kuhusu herufi, na yeye akaanza kupanga visahani vya chai mezani.

Visahani vinne, kama almasi. Kimoja mbele yake, akakiita nyumbani. Vingine vitatu ni vituo: cha kwanza, cha pili, cha tatu. Katikati akaweka chupa ya siki, huyo ndiye mrushaji. Mrushaji anamrushia mpira mwenye gongo aliyesimama nyumbani. Akiukosa mara tatu, ametoka. Akiupiga, anatupa gongo, anakimbia vituo. Akivizunguka vyote na kurudi nyumbani, ndiyo pointi moja. Wale wa upande wa pili, watu tisa, kazi yao ni kuudaka na kuufikisha kituoni kabla yake. Wakitoka watatu, mnabadilishana zamu.

Mhudumu akapita akaondoa kituo cha pili, maana kilikuwa kichafu. Mwalimu akakiomba tena kwa heshima zote. Mhudumu akatutazama kama watu waliozidiwa na jua.

"Na mrushaji akirusha vibaya?" nikauliza.

Akaonyesha kwa mkono: mpira mzuri unapita juu ya nyumbani, kati ya goti na kifua, na ukiuacha unahesabiwa umeukosa. Ukipita nje ya hapo na mpigaji akauacha, ni mbaya. Mibaya minne, mpigaji anapewa kituo cha kwanza bure, anakwenda kwa miguu yake, na vituo vikiwa vimejaa, kila aliye mbele yake anasogezwa kimoja.

Nikasema huo ni utaratibu wa wavivu, mimi nikipewa gongo nitapiga. Akatabasamu. Alisema kwao mpigaji anayekosa mara saba katika kumi huitwa hodari. Alisema mchezo huo hauna saa, unaisha ukiisha. Kila kimji cha kwao, hata chenye duka moja, kina uwanja wake. Baba aliyerudi kazini amechoka, hana neno la kusema na mwanawe, huchukua mpira wakarushiana uani mpaka giza liingie, na hayo ndiyo mazungumzo yao. Babu yake mwenyewe alikuwa kipofu, na kila jioni ya kiangazi aliusikiliza redioni akijua kila mtu amesimama wapi. Watu huenda uwanjani na kula mkate wenye soseji, na zamu ya saba ikifika uwanja mzima husimama kujinyoosha na kuimba.

"Soseji ya nyama gani?" nikamuuliza.

Alifikiri sana. "Bwana Mfaume, hilo hata sisi hatuliulizi."

Hizo herufi zangu mbili ni jina la mji wenye timu tajiri kupita zote, na nusu ya nchi inaichukia. Hapo nikaelewa kila kitu. Si kama zile timu zetu mbili? Nilijikuta namuonea huruma kila kijana niliyempeleka mtaani kushabikia bila kumwambia.

Halafu sauti ya Mwalimu ikashuka. Jumanne inayofuata alikuwa anaondoka China moja kwa moja, magoti yamekataa. Jumapili ndiyo mechi ya mwisho, dhidi ya wahandisi wa Kijapani wa kiwanda cha magari. Na watu wake walikuwa saba. Wawili kazi imewahamisha. Wasipotimia tisa, hakuna mechi, wanahesabiwa wameshindwa.

"Na huko nyuma mmeshinda mara ngapi?" nikauliza.

"Hatujawahi."

"Hata mara moja?"

"Mimi na marehemu mke wangu hatukujaliwa mtoto," akasema. "Nina hii timu. Ningependa kuiona ikishinda mara moja, kisha niende zangu."

Kasongo alinitazama, mimi nikamtazama. Kofia zilikuwa tisa. Ninyi mngejibu nini?

Njia ya Nansha

Uwanja ulikuwa Nansha, karibu na kiwanda. Kasongo aliwahi ibada ya asubuhi, akatoka kabla ya sadaka ya pili, jambo ambalo mkewe hajamsamehe. Mvua ilinyesha kama imekodiwa. Tukapanda teksi, Kasongo akamwambia dereva twende Nansha, kwenye uwanja. Dereva akaitikia, tukalala.

Tulipoamka tuko mbele ya lango la bandari, makontena hadi mwisho wa macho. Dereva anatuonyesha kwa fahari: tumefika. Kasongo anamwambia uwanja, mpira. Dereva anamwambia kontena, kontena. Maisha yake yote hajawahi kumbeba Mwafrika kwenda Nansha kwa jambo jingine. Kasongo alishuka kwenye mvua, akashika mwavuli wa dereva kama gongo, akapiga hewa, akakimbia kuzunguka gari. Walinzi wa lango walitoka kutazama. Mmoja ndiye aliyeelewa, akatuelekeza.

Tulichelewa vibaya. Nilijua moyoni kwamba mechi imekufa na mzee ameshindwa kwa sababu yetu. Lakini tulipofika tuliwakuta Wajapani wamekaa kwenye benchi lao, wamenyooka, wamelowa. Nahodha wao alikuwa amekataa pointi za bure. Alisema, kwa maelezo ya Mwalimu, kwamba mvua hii inawachelewesha wote, kwa hiyo hakuna aliyechelewa. Mtu wa namna hiyo ningempa mzigo kwa mkopo.

Uwanjani

Mvua ikakatika. Timu yetu: wanafunzi wanne wa Kichina, vijana wawili walimu wa Kimarekani, Mkorea mmoja muuza shanga, Kasongo na mimi. Sisi wawili tuliwekwa mbali nyuma, mimi kulia, yeye kushoto, mahali ambapo mpira haufiki sana. Mwalimu alisimama pembeni na kofia yake kuukuu ya kiongozi.

Nisiwafiche, mpira ulinifikia. Ulikuja ukibiringika kwenye majani, na Mjapani mmoja anapita mbele yangu kutoka kituo cha kwanza kwenda cha pili. Watu wote wananipigia kelele. Sasa mimi, mnajua, nimekulia kati ya dada watano, mchezo wangu wa utotoni ni rede. Na kwenye rede mpira ukiwa mkononi na mtu anakimbia, unafanya nini? Nikamlenga. Nikampata katikati ya mgongo, paa, akaanguka kifudifudi. Nikarusha mikono juu: amekufa!

Mpira ukadunda kwenda kwenye mitaro, na Mjapani mwingine aliyekuwa kituo cha tatu akarudi nyumbani taratibu kama anatoka msikitini. Mwanafunzi mmoja akaja mbio kunieleza kwa ishara kwamba mtu hapigwi, mpira unapelekwa kituoni. Nilikwenda kumwinua yule bwana na kumwomba radhi. Akainama. Nami nikainama. Akainama zaidi. Tungekuwa hapo hadi leo kama mwamuzi asingetutenganisha.

Kwenye gongo nilikuwa balaa. Kila mpira uliokuja niliupiga, yaani niliupiga upepo wake. Mara tatu nimeingia, mara tatu nimetoka. Lakini wanafunzi wale walikuwa na miguu, na Mkorea alipiga mpira mmoja ambao nadhani ulikwenda kupakiwa bandarini. Tukafika zamu ya mwisho, ya saba kwa makubaliano yao, tuko tano kwa tano, na sisi ndio tunaopiga.

Wawili wetu wametoka. Vituo vyote vitatu vimejaa watu wetu. Kasongo yuko cha tatu, alifika huko kwa sababu Wajapani waliogopa kumsimamia njiani. Akirudi nyumbani, tumeshinda. Na zamu ni ya nani? Yangu mimi.

Nilimwona Mwalimu ameshika kofia kwa mikono miwili kifuani. Nikasema leo ndiyo siku, nitaupiga ufike Dar. Mrushaji akarusha, nikapiga: upepo. Akarusha tena, juu ya kichwa changu kabisa, nikaruka kuufuata: upepo. Mwamuzi akaonyesha vidole viwili. Umebaki mmoja.

Mwalimu akaomba nafasi, akaja akichechemea.

"Bwana Mfaume, ukiwa Shahe, bei ya kwanza unanunua?"

"Mwalimu, hata kwa bunduki."

"Ya pili?"

"Naondoka zangu. Naitwa nirudi."

"Huyu kijana anakutajia bei," akasema. "Bei mbaya sana. Na wewe unanunua zote." Akanigonga begani na kurudi alikotoka.

Jamani. Mtu angeniambia hivyo tangu asubuhi! Nikashusha pumzi, nikasimama kama ninavyosimama mbele ya Mama Huang, nimelegeza bega, nimechoka, sina haja. Mpira ukaja nje. Nikaugeuzia uso. "Bu yao," nikasema, yaani sitaki. Mbaya mmoja. Ukaja chini kwenye tope. "Bu yao." Wanafunzi wangu wakaanza kucheka. Wa tatu ukapita karibu na kidevu, sikusogea. Uwanja mzima ukaitikia pamoja nami: bu yao! Hata benchi la Wajapani nililisikia.

Nimekosa miwili, nimekataa mibaya mitatu. Unaokuja ndio unaoamua.

Ukaja. Wenzangu, nitawaambia haki ya Mungu, ulikuwa mzuri kwa macho yangu. Ulikuja umenyooka, na mikono yangu yote miwili ilitaka kununua. Kisha mwishoni kabisa ukadondoka, kama bei inavyodondoka ukigeuza mgongo, ukapita chini ya goti. Sikupiga. Nikafumba macho.

Mwamuzi alikuwa Mjapani, mhandisi mkuu wa kiwanda chao wenyewe. Angesema ni mzuri, nani angembishia? Nilipofumbua macho nilimkuta ananyoosha mkono kunionyesha kituo cha kwanza.

Kasongo hakuelewa. Alisimama pale kituo cha tatu akitusubiri, mpaka kwaya nzima ya Kichina ikamsukuma kwa sauti. Akaja akitembea, amefungua mikono kunikumbatia, akataka kupita pembeni ya nyumbani bila kuikanyaga. Nilimgeuza mwenyewe, "Kanyaga kwanza, mpumbavu wewe!" Akakanyaga kwa miguu yote miwili. Nami wakanikokota hadi kituo cha kwanza nikiguse, maana usipokigusa hakuna kitu. Watu waliopiga mpira kwa nguvu siku ile walikuwa wengi. Aliyeleta ushindi ni aliyejua kukataa. Hilo naliandika kwa wino.

Tulipotulia nikamtafuta Mwalimu. Hakuja kwenye kelele zetu. Alikuwa amesimama nyumbani peke yake, anatazama chini. Nahodha wa Wajapani akamletea ule mpira, akampa kwa mikono miwili. Mwalimu akautia mfukoni, akavuta suruali, akaanza kwenda kituo cha kwanza. Hakuwa anakimbia, ila alikuwa anajaribu. Tukaelewa anachofanya: mzee anavizunguka vituo kwa mara ya mwisho.

Alikikanyaga cha kwanza, akakunja cha pili. Karibu na cha tatu goti likamsaliti, akayumba. Nikatoka mbio kumshika. Mwanafunzi mmoja akanizuia kwa mkono, na kijana Mmarekani akaniambia kwa Kiingereza ambacho hata mimi nilikielewa: mkimbiaji akishikwa na mtu wa pembeni, ametoka.

Basi hatukumshika. Tulikwenda naye ubavuni, timu zote mbili, Wajapani huku, sisi huku, mikono yetu imefunguka hewani karibu na mabega yake, hakuna aliyemgusa. Kasongo alikuwa analia bila aibu. Mwamuzi alitutangulia mbio, akachutama, akatoa kiburashi chake mfukoni na kufuta tope kwenye kile kibao cheupe cha nyumbani mpaka kikang'aa.

Mwalimu akakikanyaga. Mwamuzi akainama, akakitazama kile kiatu kwa makini kama ni mechi ya kombe, kisha akakunjua mikono yake miwili kwa upana: mzee amefika.